Mwalimu wa Boriti na Kikombe cha Bati

Katika duka langu la vyombo hapa Buyenzi ninauza sahani, birika, gilasi na vikombe vya kila aina, na kwa miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu niliyemkataza kuvuka kizingiti. Hakuwa mwizi. Hakuwa mlevi. Alikuwa jirani yangu, mwanamke mwenye heshima zake, na aliweza kusimama kwa mikono juu ya boriti nyembamba, miguu hewani, akakuuliza habari za nyumbani bila kutetemeka. Lakini mpe kikombe cha chai avuke nacho chumba, utaokota vipande.

Tulimwita Mwalimu, basi. Buyenzi ina walimu wa chuoni, wa shuleni, na hata wa kufundisha udereva, lakini ukisema Mwalimu bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yule wa jimnastiki, mwenye hangari nyuma ya duka langu. Alizaliwa kilima gani, babu yake alikuwa nani, sikumuuliza. Yeye pia hakuniuliza yangu. Sisi watu wa mjini tunajuana kwa kazi.

Kazi yangu naijua. Shule niliiacha mapema, hata kugawanya sikufika, na sijutii. Nilianza kwa kubeba vikombe kichwani, ndani ya karai, kutoka mpakani Gatumba mpaka mjini, mvua na jua, barabara ikiwa na mashimo ya kumeza mbuzi. Sikuvunja. Naandika hivyo kwa majivuno kwa sababu ni kweli. Kwa hiyo ufikirie mwenyewe: mtu kama mimi, halafu ukuta wake wa nyuma ni hangari lenye watoto wanaoruka. Ni sawa na kuuza mayai pembeni ya kiwanja cha mpira.

Mwalimu alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na treningi yake ya bluu ilikuwa imepauka mpaka ukauliza kama iliwahi kuwa bluu. Filimbi shingoni. Miundi yake ilikuwa na alama nyingi, za zamani na za juzi, na hakuna hata moja iliyotoka kwenye boriti. Hii ni ya kitanda chake mwenyewe, ile ya ndoo, ile ya pikipiki iliyosimama, narudia, iliyosimama. Alicheka kuanzia tumboni, kichwa kikirudi nyuma, na mara nyingi kichwa hicho kiligonga kitu.

Chai yake aliinywa nje, katikati ya barabara yetu ya vumbi, mbali na ukuta, mbali na watu, kama askari wa kuongoza magari. Mimi ndiye niliyempa kikombe. Siku ya kwanza alipokuja kutaka cha kauri chenye maua, nilishamwona akigonga mlango wa duka kwa bega na kibao cha nje kwa paji la uso, nikamwambia pale pale, "Mwalimu, kauri sikuuzii. Chukua cha bati, na ndani usiingie."

"Kwa nini, Muzee? Mi siko mutu?"

"Uko mutu. Lakini vikombe vyangu viko na roho."

Hakukasirika. Alikipokea kile cha bati, cheupe chenye mdomo wa bluu, na kwa miaka aliyokaa nacho kiliangushwa hadi kikawa na mabonde kama kichwa cha ng'ombe mzee. Tangu siku hiyo akitaka kitu dukani alisimama nje ya kizingiti na kuonyesha kwa kidevu. "Kile cha juu, Muzee. Apana, cha pembeni. Mi siingii, nikiingia utafunga duka." Mambo hayo aliyasema yeye mwenyewe, tena mbele ya wateja.

Hangari lake lilikuwa zamani ghala la chumvi. Ndani alikuwa na magodoro aliyoyashona kwa magunia na kuyajaza majani ya mpunga, ambayo wazazi wa Buterere walimletea baada ya mavuno, na boriti ya mkaratusi iliyorandwa na kuviringishwa zulia kuukuu. Kwenye mikono, badala ya ile chaki ya wazungu, watoto walijipaka unga wa muhogo. Ndiyo maana milango yote ya mtaa ule, na wangu ukiwemo, ilikuwa na viganja vyeupe. Paka wote wa Buyenzi walilala kwake kwa sababu ya panya waliofuata unga.

Watoto wake walitoka kila upande. Wa Kiriri, kule mlimani kwa matajiri, waliletwa na madereva, ndani ya magari yenye vioo vilivyofungwa. Wa Buterere walikuja kwa miguu, matope mpaka magotini, na mvua ilipojaza maji nyumba zao, Mwalimu aliwaweka hangarini na mama zao, akawapikia uji mpaka maji yashuke. Akina mama wa Kiriri wakilalamika kwamba godoro linanuka uji, aliwajibu kwamba uji haunuki, unanukia, na kama gari liko karibu, njia ya kurudi mlimani iko wazi. Mdomo huo ndio uliofanya nimpende. Watu wa maneno ya kuzungusha wananichosha.

Alikuwa na swali moja ambalo nililisikia kupitia ukuta wangu mpaka likaingia kwenye ndoto zangu. Kabla mtoto hajapanda boriti, Mwalimu alimsimamisha na kumuuliza, "Uko wapi?"

Mtoto alitakiwa kujibu kwa sauti, "Niko kwa miguu!"

Kama alijibu kwa uvivu, hakupanda. Kama zoezi ni la mikono, alijibu, "Niko kwa mikono!" Mara moja mtoto mmoja wa Kiriri akajibu, "Niko Buyenzi," na Mwalimu akamrudisha akazunguke hangari mpaka akili ifike ilipo miguu.

Sasa kuna jambo lililoshangaza mtaa mzima. Watoto wale wale, wakishatoka hangarini, walikuwa hatari. Walijikwaa kwenye kizingiti walichokivuka saa moja iliyopita. Walikosa ngazi. Walikaa kwenye kiti na kiti kikahama. Wa Kiriri, wa Buterere, wote alama zile zile miundini. Nilikuwa nikisikia filimbi ya mwisho naenda mlangoni, nasimama na mikono imetanda, napiga kelele, "Vikombe! Vikombe!" na bado siwezi kukuambia kwamba nilikosea. Ningenyamaza ningekuwa leo nauza ndizi.

Mmoja wao alikuwa mjukuu wangu, Hawa, mtoto wa binti yangu Zuhura. Hawa aliipenda boriti ile kuliko chakula. Nilikwenda siku moja kumtazama. Alipanda, akatembea juu yake kama paka juu ya ukuta wa jirani, akajirusha kinyumenyume, miguu ikarudi pale pale kama imeitwa. Mimi ni mzee wa kujikaza, lakini niliinuka. Halafu akashuka, akanikimbilia kwa furaha, "Babu, umeona?" na bega lake likagonga nguzo ya mlango, paa! Nguzo kubwa. Nguzo iliyokuwepo kabla ya yeye kuzaliwa.

Zuhura hakucheka kama mimi. Nyumbani Hawa alikuwa amevunja kioo, sahani za sikukuu na mguu wa meza. Majirani wakaanza. Mmoja akasema damu imejaa kichwani kwa kusimama juu chini. Mwingine akasema kwa sauti ndogo kwamba kifafa huanza hivyo hivyo. Zuhura akampeleka kwa daktari, naye akamwangalia macho, masikio na magoti, akasema mtoto ni mzima, anakua tu.

"Kama ni mzima, Baba," Zuhura akaniambia, "mbona anagonga mlango ambao uko pale tangu azaliwe?"

Kwa hiyo nikamngojea Mwalimu jioni, mimi mlangoni kwangu, yeye barabarani mahali pake na kikombe chake cha bati.

"Mwalimu, mutoto huyu umemufanya nini? Juu ya boriti ni paka. Akishuka anakuwa mulevi."

"Sikumufanya kitu, Muzee. Umeangalia mikono yake? Mbele ya mvua kuanza haikuwa mirefu hivi. Kichwa chake bado kinafikiri ile mikono ya zamani. Anapima mulango na mikono ya zamani, anaugonga na ya leo."

"Na kwenye boriti? Si mikono ni ile ile?"

"Kwenye boriti mi namuuliza uko wapi. Kila siku anajipima upya. Sasa kwenye mulango wa jikoni, nani anamuuliza? Pale anatembea huku kichwa kimebaki hangarini, kinarudia zoezi. Na miguu imechoka, imeshafanya kazi yake, inasema mi nimefunga."

Niliona maneno yana maana, lakini sikutaka kumpa ushindi haraka hivyo. Akanywa chai, nyingine ikammwagikia kifuani, akaendelea.

"Na we, Muzee, unaangukaka?"

"Mimi? Sijaanguka tangu utoto."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niko na akili."

Alicheka, kichwa nyuma. Safari hii hapakuwa na kitu cha kugonga. "Apana! Kwa sababu unaogopa. Umetembea maisha yako yote na vikombe kichwani. Ule woga ndio unakufanyaka uangalie chini. Hawa watoto, woga mi nimewatoa. Nimewaangusha kwenye majani ya mupunga mpaka kuanguka kumekuwa muchezo. Bon, sawa. Mutu asiyeogopa kuanguka, ataangalia chini kwa nini?"

"Basi umewaharibu."

"Nimewafungua. Vilivyoharibika ni vikombe."

Kuitwa mwoga mbele ya duka langu mwenyewe! Nilimnunia. Asubuhi nilipomwona niliangalia upande wa msikiti kama nimesikia adhana. Lakini kila nilipotembea niliikuta miguu yangu ikifanya kweli alichosema: inapapasa kwanza, inauliza, ndipo inakanyaga. Nikamkasirikia zaidi.

Usifikiri alikuwa na woga mdogo katika kila kitu. Hapo ndipo alipokuwa mtu wa ajabu. Mwanamke aliyejirusha hewani bila kupepesa aliogopa ngazi za nyumba ya ghorofa, alizishuka kwa makalio kama mtoto. Alipuliza filimbi mtoto akichelewa kidogo tu, lakini arusini alifika wakati sufuria zinaoshwa. Alimfukuza mtoto mwenye kucha chafu, na yeye soksi zake, moja nyekundu, moja ya kijivu. Ukimwonyesha, alisema, "Miguu yenyewe haijagombana, we unagombana kwa nini?"

Sasa nifike kwenye siku ya posa ya Asha, dada mkubwa wa Hawa, maana ukitaka kumjua Mwalimu ni siku ile.

Katika ukoo wetu wageni wa posa hawapewi kinywaji na mtu mzima. Sinia la kwanza linaletwa na mdogo wa binti anayeposwa, na wakwe wanakaa kimya kumwangalia, ili waone dada yake amelelewa nyumba ya namna gani. Mdogo wa Asha ni Hawa. Hakuna mwingine. Zuhura angeweza kuazima mtoto wa jirani, lakini ile habari ya kifafa ilikuwa imeshafika mpaka kwa wale wakwe, na kumficha Hawa kungekuwa kuisaini kwamba ni kweli.

Zuhura akaja dukani kwangu, akaketi kwenye kreti, uso umemkauka. "Atabeba, Baba. Lakini sikia. Akivunja gilasi moja tu mbele ya watu wale, jimnastiki imekwisha. Sitaki kusikia boriti tena nyumbani kwangu. Moja tu."

Hawa alikuwa amesimama nyuma yake. Hakulia. Aliuma mdomo, akaondoka, na akitoka akagonga mzani wangu.

Ikabidi nimalize kununa. Nilikwenda mwenyewe hangarini nikamweleza Mwalimu. Akakaa juu ya godoro akifikiri, akacheza na filimbi yake. "Lete sinia," akasema. "Na vikombe vya bati. Vya gilasi usilete, najua roho yako."

Akampandisha Hawa juu ya boriti na sinia lenye vikombe vya maji. Alitembea mwanzo mpaka mwisho, hata tone halikudondoka. Akamshusha sakafuni, atembee kawaida kama nyumbani. Vikombe viwili vikaruka kabla hajafika kwangu.

"Umeona?" Mwalimu akasema, tena kwa furaha, kama mtu aliyepata pochi yake. "Sakafu ni pana sana. Haimulazimishi kuwa pale. Sisi tutamupa boriti chini." Akachota unga wa muhogo, akauvuta mstari mwembamba sakafuni. Hawa akatembea juu ya mstari. Kavu. Wakafanya hivyo kila jioni: kusimama, "Uko wapi?", "Niko kwa miguu!", kutembea, kutua, miguu pamoja.

Siku yenyewe ikafika. Zuhura alikuwa ameipiga deki nyumba mpaka inateleza. Mwalimu akaja asubuhi, akapitia mlango wa jikoni, hakumwambia mtu. Kwake mstari wa unga ni kitu cha kawaida kama ufagio. Akauvuta vizuri, kutoka jikoni, ukavuka kizingiti, ukaingia sebuleni, akaenda zake kubadilisha nguo.

Nilikuwa uani nikasikia ukelele wa Zuhura. "Baba! Njoo uone! Wametuwekea!"

"Nani?"

"Unga mweupe kizingitini siku ya posa ya mwanangu, unaniuliza nani?"

Shangazi zake walikuwa wameshika vichwa. Mmoja alikuwa ameshaanza kusoma aya, mwingine anamwaga maji, wa tatu anafagia kwenda nje kwa mkono wa kushoto. Nikatazama, nikajua.

"Zuhura, ule ni muhogo. Wa Mwalimu."

"Hata wachawi wanakula muhogo, Baba!"

Ukiona wanawake wa ukoo wangu wameshika fagio na aya kwa pamoja, huwezi kuwazuia. Mstari wote ukaenda mtaroni. Na pale pale mlangoni, honi: wageni wamefika.

Wakavua viatu, rundo likajaa mlangoni, wakaketi kwenye mikeka. Mkubwa wao alikuwa mzee mwenye kofia iliyodarizwa, kidevu juu, macho ya mtu anayenunua ng'ombe. Wanawake upande wao. Mwalimu akaingia mwisho, amechelewa, amevaa kitenge. Sikuwahi kumwona bila treningi. Akajitafutia mahali mbali na termosi, akaketi juu ya mikono yake yote miwili ili isifanye kitu. Halafu akaangalia sakafu. Niliona uso wake ukishuka. Mstari haupo.

Hawa akatokea mlango wa jikoni na sinia, gilasi za sharubati ya marakuja zimejaa. Naye akaangalia chini. Akasimama. Watu wakanyamaza kama desturi inavyotaka, na kimya kile kilikuwa kirefu kuliko desturi. Gilasi ya pembeni ikaanza kulia, tilii, tilii. Zuhura akashika kitambaa chake kwa meno.

Mwalimu hakuweza kusema. Lakini midomo yake ilicheza bila sauti, na mimi niliisoma, maana swali hilo nimelisikia ukutani miaka: Uko wapi?

Na Hawa, kwa ile sauti ya hangarini, mbele ya wakwe wote, "Niko kwa miguu!"

Mzee wa kofia akainama kwa jirani yake. "Amesema nini?"

"Anasema iko kwa miguu."

"Tunaona," mzee akasema.

Gilasi ikanyamaza. Hawa akateremsha macho, akatafuta, na nikaona alichokipata: mkeka mkubwa ulikuwa na mstari wa kijani, mpana kama vidole vitatu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaweka mguu juu yake. Akaweka wa pili mbele ya wa kwanza. Nakuambia sharubati ile ilikuwa kama imeganda.

Tatizo, mstari wa kijani haukuelekea kwa mzee wa kofia. Ulielekea kwa dereva wao, kijana aliyekaa dirishani. Dereva alipoona sinia linamjia yeye wa kwanza, akatabasamu, akanyoosha mkono. Hawa akafika mwisho wa mstari, akainuka kwa ncha za vidole, akageuka mzunguko kama wanavyogeuka mwisho wa boriti, sinia limelala bapa, akaondoka kwenda kwa mzee. Mkono wa dereva ukabaki hewani. Mzee akapokea. Wote wakapokea, na dereva pia. Sinia likawa tupu, Hawa akaliweka chini, akarudi hatua moja, miguu pamoja, kifua mbele, mikono yote miwili juu.

Alivyofundishwa kumaliza.

Hakuna aliyejua la kufanya. Mzee wa kofia akaweka gilasi yake chini polepole, akaanza kupiga makofi kama yuko uwanjani. Basi! Vigelegele vikapasua bati la juu. Mwalimu akasahau kwamba ameikalia mikono yake, akaitoa yote kwa mpigo, na kiwiko kimoja kikampata shangazi wa bwana harusi begani. Hawa, kwa furaha, badala ya kurudi jikoni akakimbilia mlango wa mbele, akakutana na lile rundo la viatu. Akaruka nalo. Akaviringika, akasimama uani mzima kabisa, mkononi ameshika ndara moja.

"Hiyo yangu," mzee wa kofia akasema. "Ilete."

Watu walicheka, lakini Hawa hakucheka. Alikuwa anamwangalia mama yake. Mimi pia. Mwalimu pia, mkono bado juu ya bega la shangazi wa watu.

Zuhura akahesabu gilasi kwa macho, zote mikononi mwa watu. Akaondoa kitambaa mdomoni.

"Nilisema gilasi," akasema. "Viatu sikusema."

Miaka imekwenda. Asha ana watoto. Hawa amemaliza kukua, mikono yake na kichwa chake vimeelewana, siku hizi anapita milango bila kuuliza, na ndiye anayepuliza filimbi hangarini. Mwalimu alianguka, si kwenye boriti, kwenye ngazi ya choo chake, na nyonga ikavunjika. Akakaa muda mrefu kwa ndugu zake Kibenga, karibu na ziwa, na mtaa wetu ukapoa. Niliuza vikombe kwa amani, na amani hiyo sikuipenda hata kidogo.

Juzi alirudi. Nilimwona kwa mbali, treningi ile ile, fimbo mkono wa kushoto. Nilingoja asimame barabarani mahali pake. Hakusimama. Alifika kizingitini, akakiangalia, akainua mguu, akauweka ndani, akainua wa pili. Akapita katikati ya rafu zangu, sahani huku, gilasi huku, na hakugusa kitu. Hata pindo la nguo halikugusa kitu. Mimi nilikuwa nimeshika meza.

"Muzee," akasema, "nipe kile cha kauri. Cha maua. Sasa naweza."

Nikakishusha, nikampa. Akakishika kwa uangalifu, kama watu wote wanavyoshika. Nikamuuliza swali lake mwenyewe.

"Uko wapi, Mwalimu?"

"Niko kwa miguu." Hakutabasamu. "Niko kwa miguu asubuhi, niko kwa miguu jioni. Hata nikienda kuchota maji niko kwa miguu. Sasa ninaogopa kama we, Muzee. Kumbe inachokesha hivi? Umewezaje maisha yote?"

Nilitaka kumjibu. Lakini nje Hawa akaita kwa sauti kubwa, "Mwalimu! Njoo uone huyu wa Buterere!" Na mbele ya mlango wangu kikapita kitoto kikitembea kwa mikono katikati ya vumbi, miguu juu imenyooka kama mishumaa, kinyume cha dunia.

Mwalimu akageuka. Hakujipima, hakuuliza, aligeuka mzima mzima kama zamani. Fimbo ikaenda upande wake, kikombe upande wake. "Vidole! Nyoosha vidole!" alipiga kelele, na kauri ikapasuka sakafuni kwangu, maua kila upande.

Kinywa changu kilishafunguka kusema lile neno langu, "Vikombe!" Halikutoka.

Alitazama vipande. Akanitazama mimi. Kisha akacheka, kuanzia tumboni, kichwa kikarudi nyuma na kugonga rafu, sahani zote zikalia lakini zikabaki.

Nikapanda kreti, nikashusha kikombe kingine cha bati kutoka juu, cheupe chenye mdomo wa bluu, nikakifuta vumbi kwa kanzu yangu na kukijaza chai.

"Kunywa hapa hapa ndani," nikamwambia.